Neno la Kilatini kwa Ntandu

Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya jirani yangu hapa Mandewa, padre mzee alitamka neno moja la Kilatini, mater, na ghafla nikanusa moshi wa samadi kavu. Ni moshi wa jikoni kwa mama, kule upande wa Ilongero, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa.

Kaka yangu Petro alikuwa amerudi likizo kutoka seminari. Alikuja na viatu vipya na lugha mpya, na vyote viwili vilimbana. Jioni, tukiwa tumeuzunguka moto, alitufundisha majina ya watu wa nyumbani. Baba, pater. Mama, mater. Mimi nilikuwa soror, yaani dada, na jina hilo nilitamba nalo uani kama mtu aliyevaa kanga mpya. Nyumba ikawa domus. Baba alicheka, akauliza kama lugha hiyo ina neno la uwele.

Ntandu alikaa mlangoni, upande wa ng'ombe. Aliletwa kwetu mdogo, mwaka wa njaa, wazazi wake wamekufa, akachunga ng'ombe wa baba mpaka akaota ndevu. Sisi tulimwita kaka.

"Na mimi je, Petro? Naitwaje?"

Petro alifikiri. Hakupenda kukosea. "Servus," alisema. "Yaani mtumwa. Au tuseme mtumishi."

Mama aliacha kusonga ugali. "Tafuta neno lingine."

"Ndilo lililopo, mama."

Ntandu alilirudia neno polepole, kama anayeonja maziwa kujua kama yameganda. Kisha akatoka kwenda kuangalia ndama. Baba alitazama moto.

Baada ya mavuno mgambo walikuja. Tembe letu lilibomolewa tukitazama; paa la udongo liliporomoka kwa kishindo, na mama akalia kama aliyefiwa. Tulipofika penye viwanja vipya, kiongozi alimwuliza baba kaya yake ina watu gani. Baba akatutaja, Ntandu akiwa mmoja wetu.

Ntandu akavua kofia. "Shikamoo, baba," alisema, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi. "Mimi naomba kiwanja changu."

"Kwangu umekosa nini?"

"Chakula sijakosa, baba."

Akapewa kiwanja mwisho kabisa wa mstari. Msimu mzima baba alirudia kwamba mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Nami niliamini. Nilimkasirikia Ntandu kuliko nilivyowakasirikia mgambo.

Siku moja mama alinituma kwake na unga, kwa siri. Nilimkuta amesimamisha kijumba cha miti, mlango wa fito. Aliufungua, akasogea pembeni. "Karibu ndani, dada."

Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba yangu, nilipong'amua kwamba miaka yote aliyokaa kwetu sikuwahi kumsikia akimkaribisha mtu. Hakuwa na pa kumkaribisha. Alilala na ng'ombe, na katika ng'ombe hao hakutengewa hata ndama wa kuolea, ilhali ng'ombe wa Petro walijulikana tangu akiwa mtoto.

Wajukuu wangu nimewasimulia mara nyingi jinsi tulivyobomolewa, na ni kweli. Mama hakucheka tena kama zamani. Lakini siku ileile mtu mmoja wa nyumba yetu alipata mlango. Baba alikufa bila kuupita.