Ng'ombe wa Kwenye Shuka

Mbuke hakuijua vizuri sura ya fundi wa sinema, maana siku zote fundi huyo alikaa nyuma ya mwanga. Alichokijua ni mikono. Kila gari la sinema lilipofika Igawa, fundi aliweka kiganja juu ya mashine yake kama mama anayempima mtoto homa, akainamisha kichwa kuisikiliza jenereta, akaibembeleza kwa Kihehe. Picha ikitulia, alishusha pumzi; ikitetemeka, hata chai hakuigusa.

Jioni ile, kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa, ilikuwa filamu ya josho, bwawa la dawa ya kuua kupe. Jenereta ilikuwa imechoka, picha ikarukaruka, na ng'ombe waliotoka kwenye dawa wakaonekana wanachechemea. Wafugaji wakaguna. Mzee Budeba, baba mkwe wa Mbuke, akasimama. "Mnaona? Dawa inawavunja miguu. Wangu hawaingii humo!" Mbuke, ambaye kupe walikuwa wamemmalizia ndama masika yale, alimtazama fundi. Fundi hakucheka wala hakubisha. Alizima kipaza sauti ili umeme wote uende kwenye picha, akaisogeza mashine karibu na shuka mpaka picha ikabaki ndogo kama dirisha, akairudisha filamu nyuma. Safari hii ng'ombe walitoka joshoni kimya, wakitembea vizuri, wakipunga mikia. Mzee Budeba aliifuata shuka, akainama kutazama kwato. "Wamepona," alisema hatimaye. "Basi na wangu waende." "Ndiyo, baba," fundi akajibu, kiganja kikiwa bado juu ya mashine. "Walikuwa wamechoka tu."