Mstari wa Kenya

Nilikuwa najua mume wangu atakuja lini kwa kuangalia thamani ya mbao. Usinicheke. Nafanya kazi Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa wafanyabiashara wa mbao ngumu zinazotoka Kongo, na daftari langu lina safu mbili: mbao zilizoingia Uganda na zilizoingia Kenya. Mume wangu ni Mkenya. Alikuja kununua mbao, tukaoana hapa hapa, tukakaa miaka mitatu, kisha akarudi kwao kufungua duka la mbao. "Biashara ikikaa sawa nakuja kukuchukua," alisema.

Basi kila mwisho wa mwezi nilijumlisha safu ya Kenya kwanza. Mwaka wa kwanza ilipanda, nikanunua sanduku la safari. Miaka iliyofuata ikaanza kushuka, ya Uganda ikawa inapaa, nami nikaichukia nchi yangu mwenyewe kwa kupenda makabati. Jumapili akipiga simu ananiambia hakuna anayenunua mvule. Ningeachaje kumwamini, na hesabu naandika mwenyewe? Dada zangu wa kwetu Munkunyu walinitania kwamba nimeolewa na simu. Waseme tu. Lakini jamani, hamu yake ilinitafuna! Nilitamani hata lile vumbi la msumeno kwenye kola yake, ambalo nilikuwa namgombeza nalo.

Mwaka huu mkubwa wetu wa kazi, mwanajeshi mstaafu asiyejua kusema polepole, alitaka mchoro wa thamani ya mbao kwa miaka yote, nchi mbili pamoja. "Leo leo! Hapana kesho!" Sawa, afande. Nikachora mistari miwili: Uganda juu, Kenya chini. Kiongozi wa wapakiaji, Mkongo, alichungulia akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, Uganda ikule mbao yote hii? Wapi! Ile ya Rukoki iko inaenda Kenya. Beko banapasua pale tu, banakausha, kisha banapakia."

Nilikaa chini. Sisi huandika nchi ambako mbao zinashushwa mara ya kwanza. Zamani malori yalipita moja kwa moja mpaka Kenya. Wenye mbao walipoanza kuzishusha Rukoki, humu humu Uganda, zipasuliwe kwanza, mimi niliendelea kuziandika za Uganda, kama nilivyofundishwa. Nikaenda Rukoki siku mbili nzima, nikiuliza kila mwenye msumeno mzigo wake unaishia wapi, nikarudisha kila lori mahali pake, mwaka kwa mwaka. Mstari wa Kenya haukuwahi kushuka. Ulikuwa umeupita wa Uganda zamani sana.

Afande alifurahi, akanipa mkono. Mimi nilienda chooni nikalia.

Jumapili simu ikaita. Nikamuuliza biashara inaendaje.

"Mbaya, mama. Watu hawanunui kabisa. Mambo yakinyooka tu, nakuja."

Mchoro ulikuwa mezani mbele yangu. Hasira ilinipanda, na matusi nilikuwa nayo tele, mimi matusi sikosi. Lakini sauti yake ilikuwa ileile, ya kuvuta maneno kidogo, na niliitaka. Nikimwambia kwamba najua, hatakuwa na kisingizio cha kutokuja, na asipokuwa na kisingizio hatakuwa na la kunipigia simu.

"Pole, baba," nikamwambia. "Jumapili ijayo utanieleza imefikia wapi."