Nilivyomshukuru Bibi Nisiyemjua

Nilipojifungua hapa Toronto, sikuwa na mama wala shangazi wa kunikanda. Jirani yangu Mei, Mchina, ndiye aliyeniletea supu ya kuku na tangawizi kila siku mwezi mzima. Ilipikwa na mama yake, ambaye sikuwahi kumwona.

Jumamosi iliyopita Mei alinialika kwenye sherehe ya mama huyo kutimiza miaka themanini, katika mkahawa wa Kichina huku Scarborough. Nikaingia na kitenge changu, nikaona bibi aliyevaa nyekundu amezungukwa na wajukuu. Wakanikaribisha. Nikala bata, nikaongeza. Mei simwoni, nikadhani amechelewa. Basi nikasimama, nikamshukuru bibi kwa supu mbele ya watu wote, huku nikilia na binti yake akitafsiri. Wakapiga makofi.

Simu yangu ikaita.

“Dada, uko wapi?” Mei aliuliza. “Tuko ghorofa ya juu, mama anakungoja.”

Nikamweleza yule binti, akamtafsiria mama yake. Kisha akanisogelea.

“Mama anasema hakumbuki kukupikia supu,” akaninong'oneza, “lakini amefurahi kwamba ulipona. Anaomba umpelekee mwenzake wa ghorofa ya juu keki hii.”