Blogu ya Maktaba na Sanduku la Koboko

Hofu yangu ilianza siku ile madam alipotutangazia habari ya blogu. Madam ndiye mkuu wa maktaba yetu hapa Arua, na ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Angeweza kusoma darasa moja na mwanangu wa kwanza. Alisimama katikati ya meza za wasomaji akasema kuanzia mwezi ule hakuna tena kupigia simu vituo vyetu vya kusomea vya nje ya mji. Matangazo yote yataandikwa kwenye blogu ya maktaba, na vituo vitayapokea kwa mlisho. Mtu wa matangazo nilikuwa mimi. Kisha akaongeza, huku akitazama dirishani, kwamba mikataba inaisha mwishoni mwa mwaka na kila mmoja ataangaliwa kama ameiweza kazi mpya.

Kadi za wasomaji wetu nazitambua kwa mwandiko. Nitajie kitabu, nitakwambia kiko rafu gani na nani alikirudisha kikiwa na doa la chai. Lakini kompyuta nilikuwa naigusa kama mtu anayegusa sufuria asiyojua imeepuliwa lini.

Waliletewa mwalimu wa kompyuta wa siku tatu, yaani tuliletewa, maana hata sasa nikisimulia najitoa kwenye mambo yale bila kujua. Alikuwa dada mpole. Alitufafanulia kwamba blogu ni daftari lililofunuliwa mbele ya kila mtu: andiko jipya linakaa juu, la zamani linateremka chini. Na mlisho ni hivi: mtu wa mbali akishajiandikisha, simu yake yenyewe inakwenda kuchungulia daftari lile, na ikikuta andiko jipya inamletea. Hana haja ya kwenda kutafuta.

Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu wa Koboko, mzee anayetunza chumba chetu cha kusomea karibu na soko la kule. Aliielewa kazi ile siku ya kwanza, akabaki anapiga miayo kwa adabu. Mimi nilikuwa naitikia kila kitu. Ndiyo maradhi yangu: nikiogopa, naitikia.

"Mama, umeelewa?" dada akaniuliza.

"Nimeelewa sana."

Sikuwa nimeelewa. Lakini madam alikaa kiti cha nyuma na kalamu mkononi, na nisingeuliza swali hata kama nyumba ingekuwa inaungua.

Kazi yangu kubwa ilikuwa sanduku la Koboko. Kila baada ya wiki mbili hivi, pikapu yetu hupeleka sanduku la vitabu kule, na watu huja kubadilisha. Wengine hutoka Kuluba, wengine Lurujo, kwa miguu, na vitabu wamevifunga kwenye mfuko wa plastiki visishike vumbi wala mvua. Siku haikuwa moja, kwa sababu gari lile lile lina kazi nyingine. Zamani nilikuwa nampigia simu mwalimu wa Koboko, naye anaandika tarehe kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya mlango wake. Anayekuja sokoni anasoma, anawapelekea wenzake habari. Sasa mahali pa sauti yangu paliwekwa blogu.

Andiko langu la kwanza lilikwenda vizuri mno. Niliandika kwamba gari litakuja Alhamisi, nikabonyeza pa kuchapisha, nikafumba macho. Baada ya muda mfupi mwalimu akanitumia ujumbe: "Nimepata. Iko sawa." Nilifurahi hadi nikawanunulia wenzangu chapati za mayai, na mmoja akaniuliza kama nimeolewa tena.

Tatizo lilianzia kwenye la pili, na lilitoka kwenye mazoea yangu mazuri, si mabaya. Mkuu wangu wa kwanza, mzee mkali aliyenifundisha kazi, hakuvumilia tangazo lililopitwa na siku. Akilikuta ukutani alikuwa analichana mbele yako na kukuuliza kwa nini unawadanganya watu. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kufuta. Ubao wetu wa mlangoni hujapata kuukuta na habari ya jana. Ilipofika zamu ya kutangaza safari ya pili, ambayo haikuwa Alhamisi, nililifungua lile andiko langu la kwanza, nikaingia pa kuhariri, nikafuta maneno yote na kuandika mapya pale pale. Nililitazama nikaridhika: tangazo moja, safi, hakuna takataka chini yake. Nilichungulia blogu za maktaba nyingine, nikaona maandiko ya kale yamerundikana chini huko, nikawahurumia watu wasiojua kufagia.

Mara ya tatu nikafanya vile vile.

Koboko walinyamaza. Mwalimu hakutuma tena ule ujumbe wake. Nilijiambia ameshazoea. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwuliza, maana kuuliza kungeonyesha kwamba nina wasiwasi na kazi yangu, na wasiwasi niliokuwa nao ulinitosha bila mtu mwingine kuujua.

Safari ya pili dereva alirudi na sanduku karibu vile lilivyokwenda. Safari ya tatu lilirudi halijaguswa.

"Watu hakuna," dereva alimwambia madam mbele yangu, kwa Kiswahili cha huku kwetu ambamo 'nasema' huweza kuwa mimi, wewe au wao. "Hata ile mwalimu hayuko. Nasema iko kwa shamba. Mimi nangoja, nangoja, nachoka."

Madam aliandika kitu kwenye daftari lake. Akasema watu wa Koboko hawasomi, hilo sasa liko wazi, na kuna shule moja upande mwingine imelililia sanduku lile siku nyingi. Juma lijalo atalihamisha, labda apate sababu ya kutofanya hivyo. Akanigeukia. "Matangazo yalikwenda, mama?"

Nikaitikia.

Jioni ile nyumbani Manibe nilisonga ugali wa muhogo nikashindwa kuula. Asubuhi nikaomba lifti ya gari lililokuwa linakwenda Koboko kwa shughuli nyingine, nikasingizia kukagua rafu. Nilimkuta mwalimu anafagia veranda yake, na kwenye ubao wa mlangoni nikaona tarehe ya lile tangazo la kwanza, chaki imeanza kupauka. Yeye, mtu nadhifu kuliko mimi, alikuwa ameiacha pale kwa sababu hajapata nyingine.

"Mimi natazama kila asubuhi, dada yangu," alisema. "Simu nasema mupya hakuna. Basi mimi nangoja nyinyi."

Akanionyesha. Kweli, kwenye mlisho wake lilikuwepo andiko moja tu, lile la kwanza, kama nilivyoliandika. Nikamwomba aifungue blogu yenyewe. Pale palikuwa na tarehe ya juzi. Mwalimu alivaa miwani, akatazama huku, akatazama kule, kisha akaniuliza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe nafuta ile ya kwanza, halafu naandika juu yake?"

"Ndiyo."

"Basi iko ile ile. Simu hii natafuta andiko mupya. Hii haiko mupya. Nasema tayari nilishakuletea."

Alinieleza yaliyotokea. Watu walihesabu wiki mbili kama walivyozoea, wakaja Alhamisi ambayo gari halikuwepo. Walikaa kwenye veranda ile na mifuko yao mpaka jua likashuka. Wiki mbili zilizofuata wakaja wachache. Yeye akawaambia Arua watasema. Baadaye hakuja mtu, naye akaenda kulima.

Nilimwambia jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najifunika uso. Nilimwambia tusimsumbue madam. Nitaandika tangazo jipya kabisa, watu watakuja, mambo yatajipanga.

"Madam nanipigia simu jana," alisema. "Nasema watu yangu hawasomi. Wewe nataka mimi namjibu nini?"

Nilichukua mkoba wangu nikaenda kungoja gari barabarani.

Nilirudi Arua nikakaa mbele ya kompyuta. Safari hii sikugusa andiko la zamani, nilifungua jipya. Niliandika kwamba gari halikuja siku waliyongoja kwa sababu matangazo yaliwekwa vibaya huku Arua, kwamba aliyeyaweka vibaya ni mimi, kwamba watu wa Koboko hawana kosa lolote, na kwamba gari litakuja Alhamisi. Nikabonyeza. Niliyasoma maneno yale kwenye kioo nikaona mkataba wangu unaondoka kwa miguu yake. Hapo nikasikia pikipiki ya madam inaingia uani. Mkono wangu ulifanya kazi uliyoizoea maisha yote. Nikalifuta. Blogu ikabaki kama ilivyokuwa, nami nikapumua.

Simu ikaita kabla sijanyanyuka.

"Dada yangu, nimeona," mwalimu alisema. "Mupya iko. Nimeandika kwa ubao yote, hata ile habari ya kosa. Watu ya sokoni iko hapa nasoma."

"Mwalimu, nimelifuta lile."

"Kwako labda. Kwa simu yangu iko. Naleta tayari, hairudishi."

Basi nilikaa na simu sikioni, na kichwani nikiona ubao ule na watu wamesimama mbele yake. Madam naye alikuwa amejiandikisha kwenye mlisho ule ule. Yeye ndiye aliyetuagiza wote. Nikajua ameshasoma. Nilinyanyuka nikaenda mwenyewe ofisini kwake kabla hajaniita.

"Madam, najua umeshaona," nikaanza.

"Nimeona nini?"

Hakuwa ameona. Hakuwa ameufungua mlisho wake tangu siku za mafunzo, aliniambia baadaye. Nilikuwa bado nimeshika kitasa cha mlango, na ningeweza kusema nimekuja kuomba karatasi za kuchapia, nikarudi mezani kwangu. Nilitamani hivyo kwa mwili wote. Lakini Koboko walikuwa wameshasoma, na sikuweza kuwa mkosaji kule na mwema huku. Nikamweleza yote, tangu siku ya mafunzo.

Madam alifunga daftari lake. "Kwa nini hukuuliza, mama?"

"Nilikuwa nakuogopa."

Nadhani hakulitarajia jibu lile. Alipanga kalamu zake, akazipanga tena. Akasema sanduku litabaki Koboko. Kuhusu mkataba akasema tutaona, na hakuniambia tutaona lini. Akasema Alhamisi nitakwenda na gari mwenyewe, niwaambie watu kwa mdomo.

Walikuja, si wote. Nilisimama kwenye veranda nikasema nilichokuja kusema, na mwalimu akawa anarudia kwa Kikakwa na Kiarabu cha Juba kwa wasiofuata Kiswahili changu. Hakuna aliyenizomea. Wengine waliguna kidogo, wakalisogelea sanduku.

Mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anayeuza chai sokoni na amekuwa akijisomea ili aingie chuo cha uuguzi, alibaki nyuma. Alikuwa amekikumbatia kile kitabu chetu kikubwa cha biolojia ndani ya mfuko. Alikuja nacho mara tatu, alisema, na mara tatu akarudi nacho.

"Kumbe nyinyi nakosa tu," akaniambia. "Mimi nilidhani nyinyi nachoka na sisi. Nilisema basi, hata hawa nachoka."

Wiki zote zile nilikuwa naogopa kufukuzwa, na yeye alikuwa sokoni anachemsha chai akijua ameshafukuzwa. Nilimwambia hapana, hatujachoka. Alinitazama kidogo, anapima kama aniamini, kisha akaanza kufungua mfuko ili nimwandikie kitabu kingine kwenye kadi yake.