Mama wa Udongo Aliyetoka Ukutani

Siku tulipobomoa jiko la zamani kule nyumbani Ilula tulikuwa wanne. Mimi, kifungua mimba wa nyumba ile. Mdogo wangu wa kike, aliyetoka Soweto ya Mbeya na mfuko wa mchele. Wifi yetu, mke wa marehemu kaka yetu mdogo. Mji ni wake sasa. Na mjukuu wangu, binti wa binti yangu, anayesomea chuoni mambo ya watu wa kale. Majina yote ninayo, hata ya mbuzi waliofungwa nyuma, ila yatabaki kwangu.

Wifi alipiga jembe ukuta wa udongo, juu ya pale palipokuwa na mafiga, kikadondoka kitu kama kiazi. Alipokifuta akakiachia. Kumbe ni mwanamke wa udongo wa kuchomwa, hana kichwa, matiti makubwa, tumbo kubwa, na makalio ndiyo usiseme.

Wifi ni mzee wa kanisa. Akasema hiyo ni mizimu ya wakwe zake, na kama si mizimu basi ni uchafu wa wanaume, na vyovyote iwavyo kinaingia chooni kabla hatujala. Mjukuu akacheka, akatuonyesha picha kwenye simu. Kumbe huko Ulaya wamechimbua vinyago vya wanawake wa namna ileile, vya zamani mno, na wasomi wanabishana vilevile kama wifi: hawa wanasema viliabudiwa, wale wanasema vilitengenezwa kuamsha tamaa. Vingi havina sura, na hilo nalo wameliandikia vitabu.

Mimi nilikuwa nimeshakitambua, na nilitamani kuondoka nacho. Lakini mji si wangu, na wifi akikataa amekataa. Nikamtazama mdogo wangu, naye machozi yanamlengalenga.

"Hakina kichwa kwa sababu shingo ilipasuka motoni," nikasema. "Na ni kinene kwa sababu udongo mwembamba hauhimili kuchomwa. Tulikifinyanga sisi."

Nikawaeleza. Bibi yetu alikuwa mfinyanzi. Mwaka ule mama alipelekwa hospitali ya misheni akangojee kujifungua, na hakuna aliyetuambia atarudi lini. Mdogo wangu hakulala kwa kumlilia. Nikachukua udongo wa bibi, tukamfinyanga mama kama tulivyomwona akiondoka, tumbo mbele. Bibi hakutuuliza kitu, akakichoma pamoja na vyungu vyake. Tangu hapo mtoto akawa analala, amekikumbatia. Mama aliporudi akakiona, akacheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama makalio yote hayo ni yake. Akakiweka kwenye kishimo juu ya mafiga. Baadaye ukuta ulikandikwa upya, kikafunikwa humo.

Mjukuu akauliza, sasa kilikuwa kitu cha ibada au cha kuchezea? Nikamwambia sijui. Kabla ya kulala tulikiomba mama arudi salama, na asubuhi tulikibeba mgongoni kama mtoto. Pengine na hao wa kale kuna aliyemkosa mama yake tu.

Wifi alikuwa bado ameshika jembe. "Na huyo aliyekuwa tumboni ni nani?"

"Ni kaka yetu," mdogo wangu akajibu. "Mume wako."

Wifi akainama, akakiokota, akalifuta lile tumbo kwa pindo la kitenge, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso.

"Kumbe mmenifichia mume ukutani miaka yote hii," akasema. "Mawifi wabaya ninyi."

Akaingia nacho ndani. Sikukipata. Nilipoaga nilikiona juu ya kabati, kando ya picha yao ya arusi, na sikukiomba.

Mdogo wangu anasema kitovu alikitoboa yeye kwa njiti. Mimi nakumbuka ni kidole changu. Kama wapo wa rika letu waliokuwa wakija kuchukua moto kwa bibi, na wanakumbuka vingine, waniambie nilipokosea. Nitakubali. Kwa kitovu tu, nitabisha kidogo.