Mkono wa Otakar Haukutetemeka

Wifi yangu Blanka huendesha basi linalotoka jiji la Brno kuja vijijini kwetu. Majira yale yote ya joto Hynek alikuwa akilikimbilia basi hilo kwenye mvua na kufungiwa mlango puani. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha mbele makusudi, nisipitwe.

"Umemwona?" nilikuwa nikimwuliza.

"Nimemwona."

"Mbona hukumrushia na tope?"

"Wifi, huku ni kumtemea mate tu. Kisasi chenyewe bado."

Mimi ni Jarmila, dada wa marehemu Otakar, aliyekuwa mume wa Blanka. Nina moyo mbaya na sijawahi kuuficha. Watu wa kanisani huniambia nisamehe. Nawajibu wasamehe wao, ambao ndugu yao hakutukanwa akiwa kaburini.

Otakar alikuwa fundi wa bastola za mashindano. Sizungumzii silaha za majambazi. Nasema zile ambazo kila Jumapili watu wazima na akili zao hukimbia nazo ndani ya machimbo ya mawe ya zamani, wakiangusha sahani za chuma huku msimamizi akiwapima kwa saa, kisha wanakula soseji na kugombania alama mpaka jioni. Watu hawa, nami nikiwemo, wana ugonjwa mmoja: kifyatulio, au triga wanavyosema wao, lazima kiwe chepesi. Wakikutana hawaulizani habari za watoto. Mmoja humpa mwenzake bastola tupu na kumwambia, "Hebu vuta hiyo." Mwenzake akivuta na kuguna kwa wivu, mwenye bastola hulala usingizi mtamu.

Majira ya baridi yaliyotangulia Otakar alimtengenezea mkewe bastola mpya. Hakuifanya nyepesi kupita kiasi, kwa sababu Blanka hutumia risasi anazozijaza mwenyewe kwa fataki za bei ndogo, na fataki hizo ni ngumu. Fataki ni kile kidonge kilichoko kwenye kitako cha risasi. Nyundo ya bastola huipiga pini, pini huipiga fataki, baruti inawaka. Fataki ngumu hutaka nyundo yenye nguvu, na nguvu ya nyundo inatoka kwenye springi yake, ambayo ndiyo pia huifanya triga iwe nzito au nyepesi. Otakar aliyajua hayo kama mimi ninavyoijua chumvi ya supu yangu. Alimaliza kazi mwezi Februari, na wiki hiyohiyo moyo wake ukasimama akiwa karakanani.

Hynek alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake. Alibeba jeneza na akalia kunishinda mimi. Siku za msiba aliichukua bastola ile. "Niisafishe kidogo, shemeji," alimwambia Blanka, "uikute tayari." Akairudisha inang'aa.

Mwezi wa Mei Blanka akaenda nayo kwenye kombe la klabu. Sahani ya kwanza, akavuta: tik. Hakuna mlio. Akaitoa risasi ile, akavuta tena, ikalia. Iliyofuata, tik. Nyingine, tik. Ndugu wa marehemu wote walikuwepo, tumevaa nguo nyeusi bado, na msimamizi akamwambia kwa upole aiweke bastola chini.

Hynek alikuwa na soseji mkononi. Akafuta haradali mdomoni, akasema kwa ile sauti yake ya huruma, "Jamani, msimlaumu shemeji. Mwishoni mzee mikono ilikuwa inatetemeka. Hiyo pini kaichonga vibaya. Nilikuwa naona, nikanyamaza kwa heshima tu."

Kwa heshima. Kufikia mwezi wa Juni, wanaume waliokula mkate wa ndugu yangu kwa miaka mingi walikuwa wanampelekea Hynek bastola zao akague kama pini ni nzima. Walikuwa wakinikuta dukani wananipa pole mara mbili, moja ya kifo na moja ya mikono. Maiti haina mdomo. Nilitamani kumchemsha Hynek pamoja na kabichi.

Blanka hakubishana na mtu. Alitaka jambo moja: jina la Otakar lisafishwe, na lisafishwe na mdomo uleule uliolichafua. Kwanza ilibidi ajue bastola ina nini.

Alikaa jikoni kwangu na risasi zilizokataa, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kila fataki ilikuwa na kishimo katikati, lakini kishimo chenyewe kidogo, kama mtu aliyebonyeza unga kwa uoga. "Imepigwa, ila imepigwa kichovu," akasema. Akadhani labda fataki zenyewe hazikukaa vizuri, zimechomoza, kwa hiyo pigo la kwanza linazisukuma ndani badala ya kuziwasha. Akapitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi. Zote zilikuwa zimezama sawasawa. Akafungua tundu la pini akatafuta mafuta yaliyoganda. Safi. Akaazima fataki laini za bei kubwa, akaenda nazo machimboni: zote zikalia. Akarudisha zake ngumu: tik.

"Basi pini fupi kweli," nikasema, na maneno hayo yaliniwasha ulimi.

"Tulia, wifi. Niletee bastola yako na penseli."

Alihakikisha bastola zote mbili ni tupu, akazikagua tena, akanipa na mimi nizikague. Akaisimamisha yangu imetazama juu, akadumbukiza penseli ndani ya mtutu, kitako chini, akavuta. Pini iliipiga penseli ikaruka ikagonga dari. Akafanya vivyo hivyo na ile ya Otakar. Penseli ikachungulia nje ya mtutu, ikarudi ndani.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume hata mmoja wa klabu ile aliyefikiria kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Akaitoa pini ya Otakar, akaitia kwenye bastola yangu. Zote zimetoka kiwanda kimoja, zinaingiliana. Penseli ikagonga dari. Pini haikuwa na kosa lolote.

Akafungua mpini. Ndani yake palikuwa na springi ya nyundo nyembamba, mpya, laini ya kubonyezwa kwa kidole cha mtoto. Otakar asingeiweka hiyo hata kwenye kalamu.

Nikachukua mti wa kusukumia unga. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa Hynek. Nikamsukume."

"Kaa chini. Atasema tumeibadilisha wenyewe, mjane na wifi yake. Halafu sidhani hata alikusudia ubaya."

"Unamtetea?"

"Hynek hawezi kuona triga ya mtu akaiacha ilivyo. Aliilegeza ili anifurahishe. Hilo ningemsamehe. Lakini ile tik ya kwanza aliijua inatoka wapi, Jarmila. Aliijua pale pale, akamtwika maiti kosa lake. Hilo simsamehei." Akairudisha ile springi dhaifu mahali pake, akafunga mpini. "Atalisema mwenyewe."

Mwezi wa Septemba klabu iliandaa mashindano ya kumkumbuka Otakar. Mwandalizi ni nani? Hynek. Alitengeneza hadi bango lenye picha ya ndugu yangu. Kwetu, mashindano ya kumkumbuka marehemu hufunguliwa kwa bastola aliyoiacha marehemu, na mjane ndiye huchagua mkono wa kuipiga. Watu walijipanga nyuma ya kamba, mchuzi wa nyama wa gulashi unachemka kwenye sufuria kubwa, Mwenyekiti Vilém akavua kofia.

"Namchagua Hynek," Blanka akasema, akimnyooshea ileile bastola ya Mei.

Nilimwona Hynek akiitazama bastola. Lakini angekataaje, na bango amelitundika yeye? Akageuka kutafuta risasi zake kwenye mkoba, na Blanka akamwekea za kwake mkononi. "Hizi ndizo alizozizoea Otakar."

Sahani tano zilikuwa zinamngoja. Akavuta: tik. Watu wakacheka kidogo, kwa upendo. Akaitoa risasi, akavuta: tik. Akarudia, na masikio yake yakawa mekundu. Tik.

"Jamani, msimlaumu," Blanka akasema kwa sauti ya huruma, ileile ya Mei. "Hynek mikono imeanza kutetemeka."

Wakacheka zaidi. Mimi nikaongeza, kwa kuwa siwezi kukaa kimya, "Na bado kijana. Maskini."

Mtu mwingine nyuma akasema, "Hynek, kunywa kwanza pombe ya slivovice mikono itulie."

Unaweza kumtukana fundi mama yake akanyamaza. Mikono yake huwezi. Hynek akaweka bastola mezani na kugeuka. "Mikono yangu haina neno. Ni hizi fataki zenu, ngumu kama kokoto. Springi nyepesi namna hii haiwezi kuzi..."

Akaishia hapo. Mwenyekiti Vilém si mtu wa haraka. Alirudisha kofia kichwani, akaiweka sawa. "Springi gani, Hynek? Si ulituambia pini?"

Watu wakasogea karibu na kamba.

"Bastola hujaifungua leo," Vilém akaendelea. "Umejuaje springi ni nyepesi?"

"Nilitaka kumsaidia shemeji," Hynek akasema, akiangalia viatu vyake. "Triga ilikuwa nzito."

"Na mikono ya nani ilitetemeka?" Blanka akauliza.

Blanka akamsogelea.

"Sema. Waliosikia Mei wako hapa wote."

"Si Otakar," akasema. "Mzee alikuwa mzima. Ni mimi."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi sana. Nilidhani yameisha, nikajiandaa kwenda kuchukua bia. Lakini Blanka alitoa mfukoni springi nzito, mojawapo ya zile Otakar alizoacha karakanani, akaiweka kwenye bastola mbele ya macho ya watu wote, akajaza risasi zilezile ngumu, akamrudishia Hynek.

"Sasa piga. Watu wamekuja kuona kazi ya Otakar."

Alipiga machozi yakimlengalenga. Bastola ililia kila alipovuta, sahani zikaanguka moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, na hakuna aliyepiga makofi. Alipomaliza aliiweka mezani kwa mikono miwili, akasimama akimngoja Blanka amwambie neno, lolote, hata tusi. Blanka aliichukua bastola yake na kwenda kupanga foleni ya gulashi. Mpaka leo hajamwambia neno, na Hynek mpaka leo anangoja. Nikiona huruma inamwanza wifi yangu, mimi nipo kumzuia.