Mtunzi na Zimwi la Kisiwani

Bibi mtunzi hawezi kuandika akiwa amefunga mdomo. Zimwi lililomeza merikebu za waliovamia kisiwa enzi za mababu likinguruma kwenye karatasi, naye hunguruma pale jikoni, mashavu yamemvimba. Malkia wa hadithi hiyo akilidanganya zimwi, sauti ya bibi hulainika kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Msikilizaji wake wa kwanza ni mjukuu wake, na huyo hasifu ovyo. “Bibi, hili halitishi hata kuku,” alimwambia jana. Bibi akanuna, akafuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti nzito mpaka zimwi likafika mlangoni. Papo hapo upepo ukaubamiza mlango wa jikoni. Bibi alipojitambua, alikuwa amesimama juu ya kiti, karatasi kifuani. “Hapo sawa, linatisha,” mjukuu akasema, akampa mkono ashuke.